Mtoto wa Jamii ya Asili na Ofisi Tano za Dar es Salaam

Kijana anayelinda geti la nyumba ya tatu kutoka kwangu, huku Mbezi, hutembea na daftari la shule la kurasa 40 ndani ya mfuko mbadala wa kijani. Daftari si lake. Juu ya jalada pameandikwa kwa kalamu ya bluu jina la mdogo wake wa miaka 13, na chini yake neno "matibabu". Waliowahi kutibiwa katika zahanati zetu wanalijua daftari la aina hii: mgonjwa hujinunulia dukani, mganga huandika humo, na mgonjwa huondoka nalo. Hili, hata hivyo, lilikuwa limebeba zaidi ya maandishi ya mganga. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na barua fupi ya mwalimu iliyobandikwa kwa gundi, wa tatu, muhuri wa serikali ya mtaa, wa nne na wa tano, maelezo ya zahanati, kisha rufaa, kisha maneno machache ya ofisi ya ustawi wa jamii, "aonwe kwanza hospitali", na siku 9 baadaye, maneno ya hospitali, "apelekwe ustawi". Kijana mwenyewe hasomi kwa wepesi. Kurasa anazijua kwa rangi za mihuri.

Nimeandika haya kwa ruhusa yake, na nimebadili mambo mawili matatu ili mtoto asitambulike. Mdogo mtu aliletwa mjini kutoka Simanjiro baada ya ukame wa mwaka 2021 na 2022 kumaliza ng'ombe wa baba yao. Akaandikishwa shule ya msingi, akakalishwa nyuma, na kwa muda alionekana kuwa mtoto mtulivu tu ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Baadaye akaacha kuzungumza kabisa, shuleni na nyumbani. Usiku alikuwa akiamka na kukaa mlangoni hadi alfajiri. Mwalimu mmoja alimwona jeuri, mwingine akadhani hasikii vizuri, na mama mwenye nyumba, kwa nia njema kabisa, akashauri apelekwe kuombewa. Sidhani kama yupo kati yao aliyemtakia mabaya. Kila mmoja alimtazama kupitia dirisha la kazi yake, na hakuna dirisha lililokuwa pana kiasi cha kumwonyesha mtoto mzima.

Kaka mtu analinda usiku na kuzunguka maofisini mchana. Nilipomuuliza ni mara ngapi ameisimulia habari ya mdogo wake tangu mwanzo, alihesabu kwa vidole, akavimaliza, akacheka kidogo na kuacha kuhesabu. Nalitaja jambo hilo dogo kwa sababu ndani yake mna hoja nzima ya makala haya. Tunapozungumzia uratibu wa huduma za jamii kwa ajili ya afya ya akili ya watoto wa jamii za asili, huwa tunahesabu kamati, miongozo na semina. Kipimo changu ni rahisi zaidi: nani anabeba daftari? Maadamu anayelibeba ni familia, tena familia isiyoijua lugha ya ofisi, kazi ya kuratibu tumemwachia yule asiye na uwezo nayo hata kidogo.

Kabla ya kuendelea, neno lenyewe "jamii za asili" linahitaji maelezo, maana hapa nchini huzua ubishi. Mtanzania wa kawaida atakuuliza kwa haki kabisa: ni nani kati yetu ambaye si wa asili? Mzaramo wa Dar es Salaam ana dai la uzawa lililo wazi kuliko la Mmaasai anayelinda geti Mbezi. Serikali yetu nayo haitambui kundi lolote kisheria kwa jina hilo, ingawa Tanzania ilipiga kura ya kuliunga mkono Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili mwezi Septemba 2007, wakati Kanada, Australia, New Zealand na Marekani zililipinga. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika ripoti iliyoipitisha mwaka 2003, ilijaribu kuukata mzizi wa ubishi huu: katika Afrika swali si nani alifika kwanza, bali ni jamii zipi ambazo mfumo wao wa maisha, hasa ufugaji wa kuhamahama na uwindaji, umesukumwa pembeni na kudharauliwa kiasi kwamba kuendelea kwao kuwa jamii kumo hatarini. Kwa maana hiyo hutajwa Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, Waakie, Wabarbaig na Wamaasai. Nami nalitumia neno hilo kwa maana hiyo hiyo, bila nia ya kumgawa mtu.

Kudharauliwa huko kuna historia iliyoandikwa. Katika miaka ya 1960 Serikali ilijaribu kuwakusanya Wahadzabe pale Yaeda Chini ili walime na watoto wao wasome, na wengi wao hawakukawia kurudi porini. Mwishoni mwa muongo huo huo ilikuja operesheni ya kuwavisha Wamaasai suruali, ambapo mtu aliyejifunga rubega aliweza kunyimwa nafasi katika basi. Baba wa mtoto wa leo huenda hakuwapo, babu alikuwapo. Mtoto anayechekwa darasani kwa matundu ya masikio yake anachekwa kwa kicheko cha zamani, na mnasihi asiyejua hilo ataona ni mtoto asiyejiamini tu.

Sasa twende mbali kidogo, hadi Kanada, kwa sababu huko swali langu la daftari limewahi kuulizwa kwa gharama kubwa. Mwaka 1999, katika jimbo la Manitoba, alizaliwa Jordan River Anderson, mtoto wa Norway House Cree Nation, mmoja wa mataifa ya asili ya nchi hiyo. Alizaliwa na maradhi mengi na mazito, akalazimika kukaa hospitali huko Winnipeg. Alipofikisha miaka 2 madaktari walisema anaweza kutoka na kulelewa katika nyumba ya familia. Kilichofuata si tatizo la kitabibu. Kwa kuwa mtoto alikuwa wa taifa la asili, serikali kuu na serikali ya jimbo zilianza kubishana ni ipi ilipie huduma zake za nyumbani, kifaa kwa kifaa. Ubishi ulichukua zaidi ya miaka 2. Jordan alifariki mwaka 2005, akiwa na miaka 5, hospitalini, bila kulala hata usiku mmoja katika nyumba ya watu.

Kutokana na kifo hicho ilizaliwa kanuni inayobeba jina lake, na Bunge la Kanada liliipitisha kwa kauli moja mwezi Desemba 2007. Maneno yake ni machache: mtoto wa taifa la asili akihitaji huduma, ofisi ya kwanza aliyoifikia ndiyo impe, na mabishano ya nani alipe yaje baadaye kati ya serikali zenyewe, mtoto akiwa ameshahudumiwa. Siijui sera nyingine ya ustawi inayoweza kueleweka hivyo kwa mlinzi wa geti na kwa katibu mkuu wa wizara kwa pamoja.

Lakini kanuni nzuri haijitekelezi. Mwaka huo huo wa 2007 taasisi ya kutetea watoto wa mataifa ya asili inayoongozwa na Cindy Blackstock, pamoja na Bunge la Mataifa ya Asili, ambalo ni umoja wa mataifa hayo na si bunge la nchi, iliishitaki serikali kuu, na ilichukua hadi Januari 2016 kwa Baraza la Haki za Binadamu la Kanada kutamka kwamba serikali ilikuwa ikiwabagua watoto hao katika fedha za huduma na kwamba ilikuwa imeitafsiri Kanuni ya Jordan kwa ufinyu usiokubalika. Fidia iliyoidhinishwa na mahakama mwaka 2023 ilifikia dola za Kanada bilioni 23.34. Na hata baada ya yote hayo, mwaka 2024 Baraza lile lile lilirudi kuiamuru serikali ishughulikie mrundikano wa maombi ya watoto yaliyokuwa hayajajibiwa. Wakanada walifungua mlango mmoja mkubwa, watoto wakaja kwa wingi, na nyuma ya mlango hawakuweka watumishi wa kutosha. Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu sisi ni wepesi wa kuiga milango.

Naomba msomaji aniruhusu kuchepuka kidogo. Kanada hii ndiyo iliyofadhili mradi mkubwa wa ngano huko Hanang, mkoani Manyara, kuanzia mwaka 1970, uliochukua takribani ekari 100,000 za malisho bora ya Wabarbaig. Wafugaji waliosukumwa pale walitawanyika mbali, na makaburi ya wazee wao yakabaki katikati ya mashamba ya trekta. Kwa hiyo mambo ya Manitoba na mambo ya Manyara hayako mbali kama ramani inavyodai.

Turudi Dar es Salaam, tuulize kwa nini daftari la yule mtoto lilizunguka. Jibu la haraka ni uzembe wa watumishi, nami silikubali. Niliowaona katika baadhi ya ofisi hizo walikuwa watu waliochoka, si watu wabaya. Kiini kipo katika namna tulivyogawana mtoto. Mwalimu wake yuko chini ya halmashauri na hufuata mitaala na nyaraka za Wizara ya Elimu. Zahanati ni ya halmashauri, chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayosimamia serikali za mitaa, lakini miongozo yake ya tiba hutoka Wizara ya Afya. Afisa ustawi wa jamii naye ni mwajiriwa wa halmashauri, ila sera yake, tangu Januari 2022, iko katika Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalumu, iliyotenganishwa na Afya. Dawati la Jinsia na Watoto ni la Jeshi la Polisi, yaani Mambo ya Ndani. Serikali ya mtaa ni ya kisiasa, na mwenyekiti wake huchaguliwa. Hizo ni ofisi tano, kila moja na rejista yake, kila moja na taarifa yake ya robo mwaka ya kupeleka juu. Afisa anayepeleka taarifa juu hupimwa kwa idadi ya aliowapokea. Sijaona fomu inayomuuliza ni wangapi kati yao walifika kule alikowaelekeza.

Hali huwa nzito zaidi mtoto anapojidhuru. Kwa kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, jaribio la kujiua bado ni kosa la jinai kwetu, ingawa Mahakama Kuu ya Kenya mwezi Januari 2025 iliamua kwamba kifungu cha namna hiyo nchini humo kinakiuka katiba. Majeruhi akifika na jeraha, swali la kwanza huwa fomu ya PF3, na fomu hiyo iko kituoni. Familia ya wafugaji, ambayo huenda uzoefu wake wote na polisi ni wa ugomvi wa mifugo na mashamba, ikisikia neno "kituoni" huondoka na mtoto wake. Hapo uratibu umekufa kabla haujaanza, na hakuna rejista yoyote kati ya zile tano itakayoonyesha kwamba mtoto huyo aliwahi kuwapo.

Itasemwa kwamba tunazo kamati. Ni kweli. Mpango wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, ule tuliouzoea kwa jina la MTAKUWWA, ulioanza mwaka wa fedha 2017/18, uliweka kamati za ulinzi kuanzia taifa hadi mtaa na kijiji, na ndani yake wanakaa watu wote niliowataja. Wazo lilikuwa sahihi na sehemu nyingine limefanya kazi. Udhaifu wake ni kwamba kamati hukutana kwa ratiba, na mtoto huugua bila ratiba. Pili, kamati iliundwa kwa ajili ya ukatili, na mtoto aliyenyamaza hana mtuhumiwa. Hakubakwa, hakupigwa, hakutelekezwa. Ng'ombe walikufa, akahamishwa, akapoteza lugha. Shauri la namna hiyo halina kisanduku cha kuwekewa alama ya vema.

Nimesema amepoteza lugha, na hapa nataka kukaa zaidi, kwa sababu ndipo tunapokosea sana bila kujua. Sisi wa pwani tunajivunia Kiswahili kwa kutuunganisha, na tuna haki ya kujivunia. Lakini hebu tazama maneno tunayomkabidhi mzazi. Tunasema "afya ya akili", na "akili" kwa mtu wa kawaida ni werevu. Kwa hiyo mzazi anaposikia mwanawe ana tatizo la akili, husikia kwamba mwanawe ni mpumbavu au kichaa. "Sonona", yaani huzuni nzito isiyoisha, ni neno zuri la kamusi na la wataalamu, ila nimeshuhudia watu wazima waliozaliwa Temeke wakiuliza maana yake. "Msongo wa mawazo" limeeleweka zaidi, lakini limekuwa la watu wenye mikopo. Wenyewe, tukiwa nyumbani, tunasema moyo umekuwa mzito, roho haitulii, mtu amekosa raha, na hakuna anayeona aibu kuyasema hayo. Ikiwa Mswahili mwenyewe hukwama kati ya lugha ya zahanati na lugha ya barazani, mtoto anayewaza kwa Kimaa, lugha ya Wamaasai, au Mhadzabe ambaye lugha yake haijulikani kuwa na ndugu duniani, anakwama mara mbili. Yule kijana wa geti aliniambia kwamba hospitalini walimuuliza mdogo wake maswali mengi kwa upole, naye akatafsiri. Ila maswali mengine aliyaruka, kwa sababu kwa mila yao hawezi kumuuliza mdogo wake mambo hayo mbele ya mwanamke asiyemfahamu. Mtaalamu akaandika majibu. Majibu ya nini, Mungu ndiye ajuaye.

Hapa utafiti mmoja wa Kanada una la kutufundisha. Michael Chandler na Christopher Lalonde walichunguza karibu jamii 200 za mataifa ya asili katika jimbo la British Columbia kwa miaka ya 1987 hadi 1992, wakitaka kujua kwa nini vijana hujiua kwa wingi sana katika baadhi ya jamii hizo. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1998 yalipindua dhana iliyozoeleka. Vifo havikuenea sawasawa: zaidi ya nusu ya jamii hizo hazikuwa na kijana hata mmoja aliyejiua katika muda huo, huku chache zikibeba mzigo mkubwa mno. Walipolinganisha, waliona kwamba jamii zilizojiendesha zenyewe, zilizopigania ardhi yake, zilizosimamia shule, afya, polisi na zimamoto wake, na zilizokuwa na majengo ya shughuli za utamaduni wake, ndizo zilizokuwa salama zaidi, na zenye mambo yote sita hazikuwa na kifo hata kimoja cha aina hiyo. Utafiti uliofuata, wa mwaka 2007, uliongeza lugha: pale ambapo wengi waliweza kuzungumza lugha yao, vijana walijiua kwa nadra sana. Mtu makini atasema kuwa vitu viwili kuonekana pamoja si uthibitisho kwamba kimoja kimekizaa kingine, nami nakubaliana naye. Hata hivyo, tokeo hilo linatosha kuondoa mazoea ya kuiona mila ya mtoto kama kizuizi ambacho mtaalamu lazima akivuke ili amfikie.

Katika jiji hili lenye watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, vijana wa Kimaasai huishi kwa kupokeana. Anayefika leo stendi ya mabasi ya Magufuli huwa na namba ya simu ya wa rika lake aliyetangulia. Hulala chumba kimoja watano, mmoja akiumwa lindo lake hushikwa na mwenzake, na magomvi yao huamuliwa na wazee wao waliomo humu humu mjini. Hiyo ni huduma ya jamii kamili, yenye kanuni na viongozi, ambayo haigharimu halmashauri hata senti. Lakini katika daftari la kurasa 40 haimo. Hakuna ofisi iliyouliza kama mtoto huyu ana mzee wake Dar es Salaam. Nilipouliza mimi, kwa udadisi wa mwandishi tu, jibu lilikuja papo hapo: yupo, anauza dawa za mizizi Kariakoo, na ni mtu wa ukoo wa mama yao. Mtoto alipopelekwa kukaa naye siku za mapumziko alianza kusema maneno machache. Sidai kwamba amepona, wala kwamba dawa ya kimya ni mzee wa Kariakoo. Nasema tu kwamba mtu huyo alikuwa umbali wa nauli moja ya daladala tangu siku ya kwanza.

Ipo hatari ya kuwapamba wazee, na lazima isemwe waziwazi. Wazee hao hao katika baadhi ya jamii ndio wasimamizi wa ukeketaji na wa kumwoza binti angali mtoto, na binti aliyenyamaza anaweza kuwa amenyamazishwa na mzee anayeitwa kumsaidia. Kwa hiyo mzee aingie kama shahidi na mlezi, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ibaki juu yake. Pia kuna suala la siri. Sisi tunaishi mtaani, na mtaani hakuna siri. Taarifa ya mtoto ikisambazwa kwa ofisi tano kwa jina la uratibu, itamfikia muuza genge kabla haijamfikia daktari. Ndiyo maana siungi mkono mapendekezo ya mfumo mmoja wa kompyuta ambamo kila ofisa ataona kila kitu. Anachohitaji mtoto ni mtu mmoja anayejua yote, na wengine wajue kile kinachohusu kazi yao.

Mtu huyo wamempata New Zealand. Tangu mwaka 2010 wana mpango uitwao Whānau Ora, ambao kiini chake ni familia pana ya Kimaori, si mgonjwa mmoja mmoja. Katika mpango huo kuna watumishi wanaoitwa kwa Kimaori *kaiārahi*, yaani waongoza njia. Kaiārahi hatibu wala hatoi hukumu. Huijua familia, huijua lugha yake, huzijua ofisi, naye ndiye anayetembea nao. Kwa lugha ya makala haya, ndiye mbeba daftari.

Nasi tunao watu wa kuanzia. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 katika miaka 5, wakichaguliwa kutoka katika mitaa na vitongoji wanakoishi. Katika mitaa ya Dar es Salaam yenye walinzi, wasusi na wauza dawa wengi wa Kimaasai, sioni sababu ya mmoja wa wahudumu hao kutotoka miongoni mwao, akafundishwa kutambua mtoto aliyeelemewa, na akapewa mamlaka ya kupiga simu kwa ofisi yoyote kati ya zile tano na kujibiwa. Simu ya watoto 116 ipo na ni ya bure, ila mtoto aliyenyamaza hapigi simu.

Kuhusu kanuni yenyewe ya anayempokea mtoto kwanza kumhudumia, hatuhitaji kusubiri Bunge. Kifungu cha 94 cha Sheria ya Mtoto kinaipa mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kukuza ustawi wa mtoto aliye katika eneo lake. Hakiulizi alizaliwa wapi, wala kama barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa mtaa imeshapatikana. Mkurugenzi wa manispaa anaweza kwa waraka wa ukurasa mmoja kuagiza kwamba hakuna mtoto atakayeondoka katika ofisi ya halmashauri kwa kuelekezwa kwingine bila mtumishi wa ofisi hiyo kupiga simu huko, kupata jina la atakayempokea, na kuliandika.

Wapo watakaouliza kwa nini upendeleo huu uwe kwa watoto wa jamii hizi pekee, wakati mtoto wa Mbagala naye huzungushwa. Swali ni la haki, na ukweli ni kwamba waraka wa namna hiyo utamfaa wa Mbagala vilevile. Tofauti ni kwamba mama wa Mbagala anaweza kugombana na karani kwa Kiswahili chenye makali yake na akashinda. Silitaki swali la kabila lirudi katika fomu zetu. Sensa haliulizi, na kuna busara ndani ya kimya hicho. Lakini kumuuliza mtoto ni lugha gani huzungumzwa kwao, na kumtafutia mtu mzima anayeifahamu ambaye si kaka yake, si ukabila. Ni utaratibu ambao mahakama zetu huufuata kila siku kwa mshitakiwa asiyejua Kiswahili, na mtoto mgonjwa hastahili chini ya hapo.

Linabaki suala la fedha, na ni hapo Kanada ilipokwama. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Maana yake ni kwamba zikiamriwa kutenga, hutenga. Ninachokizungumzia ni kidogo mno kikilinganishwa na hicho: nauli ya mtoto na mlezi wake, malipo ya mkalimani kwa saa, muda wa maongezi wa mhudumu, na fidia ya siku za kazi kwa mlezi anayelipwa kwa lindo. Bila kasma ya mambo hayo manne, waraka wa mkurugenzi utaning'inia ukutani kama picha. Mipango ya mwaka wa fedha unaoanza Julai huanza kukusanywa mitaani miezi mingi kabla, katika mikutano ambayo walinzi wa usiku huwa wamelala.

Wiki iliyopita daftari lilijaa. Kijana akanunua jingine la kurasa 40 na kwenda nalo hospitalini siku ya miadi, akiwa ameliacha la zamani nyumbani. Dirishani akaulizwa historia ya mgonjwa iko wapi, akaambiwa arudi Jumanne na yote mawili.